Prius ya 1.8 inakula oili: chupa ipi inasaidia, ipi inakula hela yako

Habari zenu wadau, karibuni tena. Mezani hapa nimepanga oili nyepesi ya 0W-20, oili ya 5W-30 iliyo nzito kidogo, dawa ya kusafishia injini ile ya kumimina muda mfupi kabla ya kumwaga oili, na dawa nzito inayouzwa kwa jina la kuzuia moshi. Pembeni kuna valvu ndogo ya hewa ya injini na bomba kubwa la sindano, na hivi viwili msividharau. Gari tunalolizungumzia ni Toyota Prius ya injini ya lita 1.8, haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ile iliyoanza kuuzwa Japani 2009 ikaendelea mpaka 2015. Injini yake inaitwa 2ZR-FXE. Prius Alpha ina injini hiyohiyo, Lexus CT 200h vilevile, kwa hiyo wenye magari hayo msiondoke. Wa Aqua na Fielder haibridi mna injini nyingine, ya 1.5, lakini kupima ni kulekule.

Kila mtu anayenipigia ananiuliza aweke dawa gani. Jamani, kabla ya dawa nataka kujua gari lako linakula kiasi gani. Wengi hawana jibu. Wanasema "inakula sana" au "inakula kidogo", na fundi anaanza kutibu ugonjwa ambao haujapimwa.

Pima hivi. Asubuhi, gari limelala sehemu tambarare, hujaliwasha bado. Chomoa stiki, futa, rudisha, chomoa tena, soma. Ongeza mpaka alama ya juu na usiipite, kwa sababu oili ikizidi inavutwa na hewa ya injini inarudi kuchomwa, na hapo utakuwa unaipima oili uliyoijaza mwenyewe kupita kiasi. Andika kilomita zako. Tembea kilomita 1,000, rudi kwenye sehemu ileile, asubuhi vilevile, halafu ongeza kwa chupa yenye alama za mililita mpaka pale ulipoanzia. Ulichoongeza ndicho gari lilichokula.

Kitabu cha gari kinataja hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kama kiwango cha juu kabisa. Mimi kiwango hicho siwezi kukipendekeza kwa mtu ninayemtakia mema. Injini hii inachukua lita 4.2 ukibadilisha pamoja na filta. Kama linakula lita nzima kila kilomita elfu moja na wewe boneti unaifungua siku ya sevisi tu, kilomita 5,000 hazifiki. Mizani yangu ni hii: chini ya robo lita kwa kilomita 1,000, ongeza, fuatilia, endelea na maisha. Kuanzia robo mpaka nusu, anza matibabu. Ikipita nusu lita, tibu ukipenda, lakini anza na kutenga pesa ya injini.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana magari yanakufa kwa jambo hili. Ile taa nyekundu ya oili kwenye deshibodi haikuambii oili imepungua. Inakuambia presha imekwisha. Gari linaweza kuwa limebakiwa na lita mbili, unatembea, taa haijawaka. Siku itakayoanza kumulika ukikata kona, jua pampu imeshavuta hewa. Injini hii inatumia cheni, na kikaza cheni chake kinasukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Vyuma vya shafti vinaelea juu ya oili hiyohiyo. Kwenye gari la kawaida ungesikia injini inalalamika. Kwenye haibridi injini inajiwasha na kujizima yenyewe, nusu ya muda uko kwenye umeme, redio inaimba, husikii kitu.

Sasa kwa nini injini hii? Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usivuje. Ya tatu, ya chini, ni ya oili: inakwangua oili kwenye ukuta wa silinda kama mpira wa waipa kwenye kioo, na oili iliyokwanguliwa inarudi chini kupitia vitundu vidogo kwenye pistoni. Katika kutafuta ubanaji wa mafuta, ringi hizi zimetengenezwa laini, zisisugue kwa nguvu. Vitundu vikiziba kwa masizi, ringi inagandia kwenye mfereji wake, oili inabaki ukutani, inaungua.

Ongeza na mazoea ya sevisi. Kitabu cha Marekani cha gari hili kiliruhusu maili 10,000 kwa oili ya 0W-20, yaani kama kilomita 16,000. Gari likiishi miaka yake ya kwanza hivyo, halafu likaja Dar es Salaam kukaa foleni ya Ubungo, injini inawaka kidogo inazima, inawaka inazima, oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu wake, unategemea nini? Kwa hali zetu badilisha kila kilomita 5,000. Hilo halina mjadala kwangu.

Kuna mtego mmoja gereji. Fundi anapima mgandamizo wa silinda, anapata namba nzuri, anakwambia "injini nzima kabisa, labda unaibiwa oili". Mgandamizo unashikwa na ringi za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na kipimo kikasoma vizuri. Kwa hiyo karatasi ya mgandamizo mzuri haimalizi kesi. Chomoa plagi uziangalie: yenye ukoko mweusi wenye mafuta au majivu meupe yaliyogandamana, silinda hiyo ndiyo inayokunywa.

Haya, tuingie mezani, na naanza na hii valvu ndogo kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote. Kazi yake ni kupitisha mvuke wa injini urudi kuchomwa. Ikikwama wazi, inavuta na oili. Ibadilishe, weka mpya, na kabla ya hapo hakikisha hakuna kuvuja kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, kifuniko cha cheni na sili ya mbele ya shafti. Nasema haya mapema kwa sababu kuna watu wameshusha injini nzima kumbe tatizo lilikuwa sili. Valvu hii nunueni, sina wasiwasi nayo.

Oili. 0W-20 ndiyo iliyoandikwa kwa gari hili na kama halili, baki nayo. Likishaanza kula, 5W-30 ya sintetiki ni hatua ya busara: inabaki na unene zaidi injini ikiwa moto, kwa baadhi ya magari ulaji unapungua, na unalipa kidogo tu kwenye mafuta. Haitibu ringi. Inakununulia muda, na muda una thamani. Tafuta yenye daraja la ubora la API SP, daraja lililoanza 2020. Lakini fundi asikuwekee 20W-50, wala oili namba 40. Injini hii ina njia nyembamba za oili zinazoendesha mfumo wa VVT-i, yaani ule unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, na inawaka mara nyingi kwa siku. Kila inapowaka inataka oili ifike juu haraka. Oili nzito inapunguza moshi na inachelewa kufika. Moshi umeuona umepungua, kusagika hukuoni.

Kwa sababu hiyohiyo, dawa nzito ya kuzuia moshi naiondoa mezani. Imetengenezwa kuifanya oili iwe nzito, basi. Haigusi masizi yaliyoziba vitundu. Anayeipenda sana ni mtu anayetaka kuuza gari kesho asubuhi.

Hii ya kusafishia, ya kumimina na kuacha injini iungurume kidogo kabla ya kumwaga oili: si mbaya, ila haifiki kwenye tatizo letu. Dakika chache hazitoshi kulainisha masizi yaliyopikwa kwa miaka kwenye mfereji wa ringi. Na kama injini ina tope la oili, dawa inalibomoa kwa mapande yanayokwenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kwa injini safi huihitaji, kwa injini chafu sana inaweza kukuumiza. Mimi hela hiyo naipeleka kwenye oili nzuri na kubadilisha mapema.

Kuna kundi la oili zinazosafisha polepole huku unatembea. Inayozungumzwa sana ni Valvoline Restore & Protect, iliyoingia sokoni Marekani 2024; mtengenezaji anadai inaondoa uchafu kwenye pistoni ukiitumia mfululizo, sevisi baada ya sevisi. Njia hii naipenda kwa sababu inafanya kazi pale uchafu ulipo na haina papara. Ila usiihukumu kwa chupa moja, na usinunue chochote chenye jina kubwa kwa mtu wa barabarani. Oili feki ipo, Tume ya Ushindani inazikamata bidhaa bandia na bado zinaingia. Nunua kwa wakala, dai risiti, kagua mfuniko.

Sasa bomba la sindano. Tiba yenye nguvu zaidi bila kufungua injini ni kuloweka pistoni: unatoa plagi zote nne, unazungusha shafti kwa spana mpaka pistoni zote zikae katikati, unamimina dawa ya kuyeyusha masizi kwenye kila silinda, unaacha usiku mzima, unarudia ukibidi. Inafanya kazi kwa magari mengi ambayo ringi zimeganda lakini hazijaisha.

Hatari yake ndiyo inayonifanya niongee taratibu. Haibridi hii haina stata ya kawaida. Injini inazungushwa na mota kubwa ya umeme iliyo kwenye gia, na mota hiyo haina huruma. Ukifunga plagi na ndani kumebaki kimiminika, kimiminika hakigandamizwi, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Kwa hiyo: toa waya wa betri ndogo ya volti 12, ile iliyo nyuma kulia kwenye buti, na funguo iwe mbali, gari lisijiamshe wewe umeinama. Vuta dawa yote kwa bomba hili mpaka litoe hewa tupu. Funika matundu kwa kitambaa, zungusha shafti kwa mkono mizunguko kadhaa, vuta tena. Ndipo urudishe plagi. Badilisha oili na filta kabla hujawasha, kwa sababu dawa imepita kwenda sampo. Fanya nje, penye hewa, pasipo na sigara. Ukiwasha litatoa moshi mwingi. Ni masizi yanatoka. Fundi asiyejua kwa nini unatoa betri, usimpe kazi hii.

Ukiwa umefungua, safisha na mfumo wa EGR, yaani moshi unaorudishwa kwenye injini, pamoja na kipoza chake na vitundu vya manifoldi ya kuingizia hewa. Oili inayoungua inaongeza masizi, masizi yanaziba kipoza, injini inafanya kazi kwa joto baya, na gasketi ya silinda inakuja kuondoka. Gari likitetemeka sana asubuhi linapowaka na maji ya rejeta yanapungua, hilo si tatizo la oili tena, ni gasketi, na halisubiri. Masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi nayo yanajaa majivu ya oili. Ukiona kodi ya hitilafu P0420, inayolalamikia masega, usikimbilie kuyabadilisha kabla ulaji haujatulia, mapya yataharibika vilevile.

Umeloweka, umebadilisha, bado linakula zaidi ya nusu lita? Hapo ni kufungua na kuweka pistoni na ringi za toleo la baadaye, au injini nyingine. Ukienda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba, usichukue ya mwaka uleule wenye tatizo lilelile. Uliza ya Prius ya kuanzia 2016. Mafundi wanaihamishia kwenye gari hili kwa kubadilishana baadhi ya vifaa vya pembeni. Betri kubwa ya haibridi ikiwa nayo imechoka, piga hesabu ya vyote viwili kwa pamoja kabla hujatoa shilingi.

Na kwa anayekwenda kununua: muuzaji anaweza kukuonyesha gari liko tayari, kimya, injini imezima, ukasema safi. Lilazimishe liungurume. Washa mpaka taa za deshibodi bila kukanyaga breki. Gia ikiwa P kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili, weka N kanyaga mara mbili, rudisha P kanyaga mara mbili, yote ndani ya dakika moja. Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kitaandika "MAINTENANCE MODE" na injini haitazima. Iache ipate moto, halafu kanyaga taratibu huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe usiokatika wakati injini imeshapata moto, shuku maji. Ukimaliza, zima gari kabisa kwanza, usiendeshe likiwa katika hali hiyo.

Waliokwishapima, niandikieni hapo chini mwaka wa gari, kilomita zake, oili mnayotumia na mililita mlizoongeza kwa kilomita 1,000. Video ijayo tunafungua kipoza cha EGR kipande kwa kipande.