Bajaji au pikipiki kwa safari ya Mwanza–Sengerema: uzoefu wangu

Nyumbani tuna pikipiki ya cc 150 na bajaji ya cc 200, na vyote viwili nimevitoa nje ya mji: Sengerema kwa kupita darajani, na upande wa pili Kisesa hadi Magu. Watu wakiniuliza, swali la kwanza ni mwendo. Mimi nawaambia waanze kuuliza nani atakaa wapi, maana kwenye vyombo hivi raha ya abiria na raha ya dereva haziendi pamoja hata kidogo.

Mama yangu magoti yanamsumbua, na kliniki yake ni Bugando. Kwenye pikipiki inabidi akae upande, kanga ameibana, mkono mmoja kanishika kiuno, na kila tukifika kwenye tuta anasema "taratibu baba". Kwenye bajaji anaingia kwa hatua moja, anaegemea, kapu lake analiweka miguuni. Mvua ikianza tunashusha maturubai na safari inaendelea. Kwake hakuna cha kujadili.

Anayeilipia raha hiyo ni dereva. Gia ya bajaji inazungushwa kwa mkono wa kushoto, uleule unaobana klachi, kwa hiyo ukikuta foleni kuanzia Mkuyuni hadi Nyegezi mkono unakufa ganzi. Magoti muda wote yamekunjwa. Kwenye pikipiki nikiona shimo nanyanyuka kidogo, miguu inabeba uzito, mgongo unapona. Kwenye bajaji shimo lote linakuja kiunoni.

Na mashimo yenyewe hayakwepeki. Mwenye gari analipitisha shimo katikati ya matairi, lakini bajaji hapo katikati ndipo lilipo tairi la mbele. Ukiliokoa hilo, la nyuma linatumbukia. Tena rimu zake ni inchi 8, wakati za pikipiki yangu ni 17 na natafuta njia moja tu ya kupita. Kwenye lami nzuri huoni tofauti kubwa. Shuka barabara ya vumbi ya kwenda mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, ndipo utaelewa ninachosema.

Kwenye kona, pikipiki unailaza nayo inakutii. Bajaji hailali. Ukiingia na kasi, tairi la nyuma la upande wa ndani linataka kunyanyuka na abiria anasukumwa nje. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake.

Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025 na lina urefu wa kilomita 3. Limetuondolea adha ya kusubiri kivuko, nashukuru sana. Ila pale juu hakuna mti wala jengo la kuzuia upepo wa ziwa. Bajaji iliyoshushwa maturubai inasukumwa pembeni waziwazi, kwa hiyo kabla ya kupanda darajani nayakunja ya pande zote mbili ili upepo upite. Pikipiki nayo inayumba, lakini unairudisha kwa mwili.

Mwendo? Bajaji kwenye tambarare naiendesha 50, na kupanda Isamilo na watu watatu ni gia ya kwanza. Pikipiki inakwenda 80 bila kulalamika. Jioni, wadudu wa ziwani wakitoka, kioo cha mbele cha bajaji ni mkombozi. Kwenye pikipiki usipofunga kioo cha helmeti utawala.

Nikiwa peke yangu nachukua pikipiki, hata kukiwa na wingu. Nikiwa na mama au watoto, bajaji, na nasimama Usagara kunyoosha miguu. Jambo moja wengi hawalifikirii: bajaji yangu inabeba tairi la akiba, pikipiki haibebi. Ukienda nayo mbali weka tyubu, pampu na spana chini ya kiti, maana ukipata pancha kati ya Busisi na Sengerema fundi anaweza kuwa mbali na jua ni kali.