Miche ya Pixie: upi wa kununua, upi wa kupita

Pixie ni aina ya chenza, na mchenza ukishika vizuri hukaa shambani zaidi ya miaka 20. Ukikosea siku ya kununua, utalitilia kosa hilo maji na mbolea miaka mitatu kabla ya kuligundua. Tumeipanga miche inayouzwa Nakuru, Kisumu na Kakamega kuanzia ile tunayoipendekeza zaidi.

1. Uliopandikizwa, wa kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa na KEPHIS

KEPHIS ni shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Omba cheti. Uliza vijiti vya kupandikiza vilikatwa kwenye mti upi, na mche wa chini, ule wenye mizizi, ni wa nini. Mara nyingi huwa mlimau ule wa maganda yenye matuta, ambao mizizi yake huenda chini sana na kuvumilia kiangazi. Shida yake ni maji yaliyotuama: kwenye udongo mweusi wa Kano mizizi huoza na gundi ikaanza kutoka shinani. Huko panda juu ya tuta la nusu mita. Kiungo, yaani pale kijiti kilipopandikizwa, kiwe sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo wa mfuko, kimefunga vizuri, na nailoni iliyokizungushia imeshatolewa. Ikiachwa hukaba shina.

2. Uliopandikizwa, wa kando ya barabara

Unaweza kuwa mzuri sawa na wa kwanza, ila mkaguzi ni wewe. Chukua jani lililokomaa, liinue juani, ulinganishe pande mbili za mshipa wa kati. Manjano ikifanana kushoto na kulia, kwa kawaida mche una njaa ya madini, zinki hasa, na hilo hutibika. Mabaka yakitofautiana, huku makubwa na kule madogo, huenda ni griningi, ugonjwa wa michungwa na michenza, na griningi haina dawa. Kisha geuza majani machanga. Vinundu juu na vishimo chini yake ni makao ya watoto wa mdudu anayeisambaza, mdogo kama punje ya ufuta. Ukiviona kwenye mche mmoja, usinunue hata ule wa jirani yake.

Mdudu huyo na ugonjwa wenyewe hupenda baridi. Mnunuzi wa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, awe mkali kuliko wa Kisumu, ingawa joto la Kisumu si kinga kamili.

3. Wa mbegu

Ni wa bei nafuu na wenye miiba mingi, na utasubiri miaka sita hadi minane, pengine zaidi, kabla ya tunda. Uliopandikizwa huanza karibu mwaka wa tatu. Chenza za kienyeji zenye mbegu huweza kuzaa mti unaofanana na mama yake. Lakini Pixie huwa karibu haina mbegu kabisa. Anayekuuzia Pixie "ya mbegu" anakuuzia kitu kingine.

4. Mche mfukoni wenye tunda tayari

Huu ndio unaovutia watu wengi, nasi tunauweka wa mwisho. Mara nyingi tunda linamaanisha mche umekaa sana mfukoni. Pasua mfuko kidogo upande mmoja: mzizi mkuu ukiwa umejizungusha chini kama kamba, hautanyooka tena, na mti utayumba kwa upepo. Ukiwa umeshaununua, chuma tunda leo.

Siku ya kupanda

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, umbali wa mita 4 hadi 5. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na debe la samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Rudisha mche kwenye kina kilekile cha mfukoni, kiungo kibaki juu. Kikifukiwa, kuvu wa udongoni hukiingia. Tandaza nyasi kavu, lakini uache kiganja kimoja kati yake na shina. Chipukizi lolote linalotokea chini ya kiungo ling'oe likiwa bado laini, maana ni la mlimau, na lina nguvu kuliko Pixie.