Seti ya kuprinti fulana nyumbani: nilichopata kwa laki mbili na kumi

Wino wa plastisoli haukauki. Ningeambiwa maneno hayo matatu manne siku naitoa ile laki mbili na elfu kumi mfukoni, ningeokoa fulana tisa na heshima yangu kwa mama mdogo. Kwenye boksi hayakuandikwa, kwenye karatasi ya maelekezo hayamo, na muuzaji siku hiyo alikuwa anahudumia watu watatu kwa mpigo. Nikaja kuyajua kwa hasara.

Nianze na boksi lenyewe. Nililinunua Kariakoo mwaka jana, mwezi wa tano. Ndani kulikuwa na fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 50 ambayo tayari imevutwa neti (hiyo ndiyo skrini), raba ya kuvutia wino yenye mpini wa plastiki, chupa ya emalsheni (ile dawa ya kupaka skrini) na kichupa cha unga wa kuchanganyia, kopo la wino mweusi, kopo la wino mweupe, na karatasi mbili za plastiki angavu za kuprintia mchoro.

Fremu sina ugomvi nayo. Neti yake ni 43T, yaani nyuzi 43 katika sentimita moja, na hiyo ndiyo saizi ya kawaida ya fulana. Ukipanda hadi 77T unapata mistari myembamba safi, lakini wino mzito unagoma kupita. Hii yangu ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma, na hadi leo haijalegea. Raba ndiyo takataka. Ncha yake ilikuwa na wimbi ambalo hulioni kwa macho, unaliona kwenye fulana: kila ukivuta, katikati unabaki mstari mnene wa wino. Wiki ya pili nikanunua nyingine ya mpini wa mbao kwa elfu kumi na mbili. Ile ya kwanza mwanangu anafutia nayo madirisha.

Kazi ngumu, nilidhani, itakuwa kuprinti. Kumbe ni kuchoma skrini. Unapaka emalsheni kwenye neti gizani, unaiacha ikauke, unaweka mchoro mweusi juu yake, unaipiga mwanga. Palipopigwa mwanga panakuwa pagumu, palipokingwa na weusi wa mchoro panabaki laini na kuondoka kwa maji. Hapo ndipo wino utapita. Kwa maneno ni rahisi namna hiyo.

Naishi Tabata, vyumba viwili na bafu, na bafu ndilo likawa chumba cha giza. Nikatoa balbu nyeupe nikaweka ya njano, maana mwanga wa njano hauisumbui dawa hii. Watu wa nyumbani wakaambiwa wakaoge kwa jirani. Nikapaka, nikasubiri saa mbili, nikaigusa kwa kidole, kavu. Nikachoma, nikapeleka kwenye maji, dawa yote ikateremka kama uji. Mchoro, pembeni, kila kitu. Nikabaki na neti nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Sababu ni hewa ya Dar. Mwezi wa tano masika ndiyo inaaga, kuta zenyewe zinatoa jasho, na siku hiyo umeme ulikatika kwa hiyo hata feni haikuwepo. Dawa ilikuwa imekauka juu tu, ndani bado mbichi, na dawa mbichi haikamati hata uichome namna gani. Tangu hapo napaka jioni, nalaza skrini usiku kucha na feni inazunguka, upande wa kuprintia, ule unaogusa fulana, ukiangalia chini. Tatizo hilo halijarudi.

Halafu kuna suala la taa. Maelekezo yanataka taa ya wati 500, ambayo kwenye seti haimo na mimi sina. Nilipokwenda kununua ile raba ya mbao nikamuuliza fundi mmoja pale, mtu mzima anayechapisha mifuko na fulana tangu zamani, taa ya hivyo inapatikana wapi.

“Dada, jua lote hili unalipia?” akaniuliza.

“Hapana, fundi.”

“Basi taa ya nini?”

Akanielekeza jaribio ambalo lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa maelekezo. Unachukua skrini iliyopakwa, unaweka mchoro na kioo juu, unaifunika yote kwa kadibodi, unatoka nayo juani. Unavuta kadibodi kidogo kila dakika moja, hadi dakika sita. Mwisho una skrini yenye mikanda sita iliyopigwa jua kwa muda tofauti. Ukiosha, mikanda ya dakika chache inateremka yote, ya dakika nyingi inagoma kufunguka, na katikati kuna mmoja ambao herufi zinafunguka kama madirisha, kingo zimenyooka. Kwangu ulikuwa mkanda wa dakika nne, saa sita mchana, anga safi. Wewe usiichukue dakika nne yangu. Dawa nyingine, hasa zile ambazo hazichanganywi na unga, zinaiva kwa sekunde tu kwenye jua la namna hii. Na wingu likipita katikati, anza upya.

Jambo jingine dogo: steshenari ya mtaani iliprinti mchoro wangu ukatoka kijivu. Kwa macho ni mweusi, ukiuinua kwenye mwanga unaona jua linapenya. Nikaprinti mara mbili, nikazipandisha karatasi moja juu ya nyingine na selotepu. Ndiyo maana wamekuwekea mbili, nafikiri, ila hawakusema.

Kuprinti kwenyewe nilikupenda mara moja. Seti haina bawaba, na bila bawaba skrini hairudi mahali pale pale, kwa hiyo seremala wa mtaani akanifungia fremu kwenye ubao kwa bawaba mbili za kabati. Chini ya kona za mbele naweka sarafu za shilingi mia mbili, mbili mbili, ili neti isilale kabisa kwenye kitambaa. Iguse tu pale raba inapopita na kuachia nyuma yake. Bila zile sarafu neti inang’ang’ania fulana na herufi zinatoka na ndevu. Unavuta kwanza bila kukandamiza ili wino ujaze matundu, kisha unavuta kwa nguvu, raba imelala kidogo kuelekea kwako. Unainua skrini. Nyeusi juu ya nyeupe, imenyooka. Nilikaa naitazama ile fulana ya kwanza kama mtoto mchanga.

Sasa tufike kwa mama mdogo.

Yeye na wenzake wana kikundi cha vikoba, wakataka fulana 24 nyeupe, mgongoni AKIBA HAIOZI kwa herufi kubwa. Fulana za pamba nilizipata kwa 7,000 moja, nikamwambia nitawafanyia 13,000. Nikaprinti zote siku moja, nikazianika kwenye kamba. Jioni nagusa, wino unanata. Nikasema kesho. Kesho yake jua kali, zimekaa kutwa nzima, nagusa, unanata. Siku ya tatu bado kidole kinatoka cheusi. Nikaamua kuzipiga pasi juu juu kwa karatasi, zikaacha kunata, nikapeleka.

Wiki moja baadaye simu.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Akiba haiozi, mwanangu, ila inabanduka.”

Alikuwa amefua yake. Lile neno la kwanza limebaki AKI, na herufi nyingine zilikuwa zinachanika kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Nikarudi kwa fundi na kopo langu. Akalinusa, akachovya kidole, akasema huu ni plastisoli. Wino wa aina hii ni chembe za plastiki ndani ya mafuta yanayoilainisha. Hauna maji ya kukauka. Ukiuacha kwenye skrini wiki nzima utaukuta vile vile, na kwa mchapishaji hiyo ni raha. Lakini hauivi mpaka wino wote, kuanzia juu hadi chini unapogusa uzi, ufike karibu nyuzi joto 160. Pasi yangu ya haraka haraka ilipika ngozi ya juu tu. Jaribio lake ni kuvuta kitambaa chenye maandishi kwa mikono miwili: ukiiva unavutika na kurudi, haujaiva unapasuka.

Habari njema ni kwamba plastisoli iliyoiva nusu inaweza kumaliziwa. Fulana 15 zilikuwa hazijafuliwa. Nikazikusanya kwa aibu, nikazipeleka kwa mtu mwenye hitipresi (mashine ya kubana nguo kwa joto), akazibana moja moja na karatasi ya kuokea juu yake, shilingi 500 kila fulana. Mpaka leo hazijabanduka. Tisa zilizokwisha kuguswa na maji nikazilipa mwenyewe, 63,000, nikaprinti nyingine. Faida ya kazi ile mnaweza kuikokotoa wenyewe.

Hapa ndipo namlaumu aliyeiunga seti hii. Kumpa mtu anayeanza nyumbani, mwenye pasi tu, wino unaotaka nyuzi joto 160 bila kumwambia, ni kumpa ugali bila kumwonyesha moto. Zile fulana za kampeni tunazogawiwa bure, ambazo kwenye kufuliwa mara ya pili mgombea anapoteza pua na mara ya tatu zinakuwa za kudekia, sasa nazitazama kwa jicho jingine. Huenda kuna mwenzangu mahali alikuwa na haraka.

Siku hizi kwa kazi ndogo natumia wino wa maji. Unaingia ndani ya uzi, fulana inabaki laini, unakauka kwenye kamba, halafu napiga pasi ya moto bila mvuke dakika tatu nne kwa upande wa nyuma. Ubaya wake ni kwamba unakauka hata pale usipotaka. Ukienda kupokea simu, ukirudi matundu ya neti yameziba. Zima feni, weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, na usiache skrini wazi bila kuifunika na wino. Kwenye fulana nyeusi nao ni dhaifu. Nyeupe juu ya nyeusi bado nafanya kwa plastisoli: navuta mara moja, napasha mpaka isinate, navuta tena, kisha hitipresi.

Jezi za poliesta msizikubali mwanzoni. Vijana wa timu ya mtaani waliniletea jezi nyekundu wakitaka namba nyeupe. Zilitoka nyeupe, kesho yake zikawa waridi. Joto linafukuza rangi ya poliesta inapanda kwenye wino. Hakuna beki wa kati anayekubali namba ya waridi.

Usafi ni kero. Plastisoli haitoki kwa maji. Naifuta kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko la mkaa. Dawa ya zamani kwenye neti naitoa kwa jiki na brashi, inatoka ila kivuli cha mchoro kinabaki. Hakinizuii kuprinti.

Kama ningeanza leo nisingenunua seti. Ningenunua fremu ya 43T, raba ya mbao, emalsheni, na wino mweusi wa maji, kila kimoja peke yake, na kwa bei nilizoziona ningebakiwa na kama elfu sabini za kuharibia fulana za mazoezi. Fremu ya seti naipa alama zote. Dawa ni nzuri. Raba sifuri. Maelekezo sijui nani aliyaandika, lakini hajawahi kuishi Dar na hajawahi kufua fulana.

Ile ya AKI HAIOZI nilimwomba mama mdogo anirudishie niichane. Amekataa, anaivaa akienda sokoni Ilala, na akiulizwa ni ya nani anataja jina langu.