Open Food Facts: miezi minne ya kuskani kila ninachokula

Nianze na yogati maana ndiyo iliyonifungua macho. Yogati ya matunda, kopo limeandikwa kwa mbele herufi kubwa HAINA MAFUTA, nimeila miaka nikijiona najali afya, siku naiskani na hii aplikesheni ya simu ikaniletea namba 4 nyekundu, yaani chakula cha kiwandani hasa. Nikageuza kopo nikasoma, maziwa, sukari, halafu ndo tunda, halafu wanga uliobadilishwa kiwandani, ladha, rangi. Na viungo kwenye lebo vinapangwa kuanzia kile kizito zaidi, yaani miaka yote hiyo nimekula sukari nyingi kuliko tunda. Iliniuma kwa kweli.

Matumizi yake rahisi tu, unafungua, unaelekeza kamera kwenye ile mistari ya bakodi, inakupa viungo na namba. Ni bure, haina matangazo, ilianzia Ufaransa 2012 na taarifa zinajazwa na watu wa kujitolea. Namba zenyewe zinaonyesha chakula kimesindikwa kiasi gani, na zimetoka kwa kina Carlos Monteiro, mtafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil. 1 ni chakula cha asili au kilichoguswa kidogo, 2 ni vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari, 3 ni vilivyosindikwa kawaida kama jibini, na 4 ndo vile vya kiwandani hasa, vimejaa vitu ambavyo jikoni kwako huna na hutakuja kuwa navyo.

Kuna mtu ataniambia mbona hata mimi naweza kutengeneza keki yenye sukari hiyo hiyo nyumbani, tofauti iko wapi. Marekani 2019 watafiti walichukua watu 20 wakawaweka ndani mwezi mzima, wiki mbili wanapewa vyakula vya namba 4 na wiki mbili vya asili, sukari, mafuta na chumvi kwenye milo vimelinganishwa, na kila mtu ale anavyotaka. Kwenye vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja, wakihamia vya asili inapungua. Mi hiyo ilinitosha, maana biskuti najijua, nikifungua pakiti sirudishi.

Ila usiifuate namba peke yake jamani. Juisi halisi ya tunda inapata 1 na bado ina sukari nyingi, na mkate wa ngano nzima wa dukani unaweza ukapata 4 kwa sababu ya kiungo kimoja tu, kwa hiyo angalia na gramu za sukari na chumvi hapo chini. Chumvi WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, siku nilipojumlisha soseji na supu ya pakiti nilishtuka!

Kilichonishinda mwanzoni ni muda wa kupika vya asili. Sasa hivi jumamosi nachemsha maharage sufuria kubwa, nagawa kwenye vikopo, naweka friza, basi wiki imepona. Mkanda umerudi matundu mawili na ule usingizi wa saa nane mchana umekata.

Ukiskani ukakuta bidhaa haimo usiache hivyo hivyo, piga picha mbele na upande wa viungo, panyooshe pale plastiki ilipojikunja ili maandishi yasomeke, utume, anayefuata ataikuta.