MessageBox au fomu yako mwenyewe?

Kwa anayeandika programu za Windows kwa lugha ya C#, MessageBox.Show, amri inayofungua kisanduku cha ujumbe, ni mstari mmoja tu: unaweka ujumbe, kichwa, aikoni na aina ya vitufe, kazi imekwisha. Hata Ctrl+C inanakili ujumbe wote, jambo linalomsaidia sana mteja anayetaka kukutumia maneno ya hitilafu bila kuyaandika upya.

Shida iko kwenye vitufe. Maandishi yake huwezi kuyabadilisha. Yanafuata lugha ya Windows. Programu ya duka inauliza "Ufute risiti hii?", na chini yake pana "Yes" na "No". Muuzaji mwenye foleni mbele yake atabonyeza chochote ili kisanduku kiondoke.

Fomu yako mwenyewe inadai kazi zaidi: unachora Form, yaani dirisha, unaipa FormBorderStyle ya FixedDialog (ukingo usiovutwa), kisha unaifungua kwa ShowDialog, inayosubiri jibu kabla ya kuendelea. Lakini hapo unaandika "Futa risiti" na "Iache", na kila kitufe kinajieleza. Kila kimoja kipe DialogResult yake, yaani jibu kinalorudisha, na "Iache" kiweke kwenye CancelButton ya fomu ili Esc ifanye kazi. Mimi hukipa pia TabIndex ya mwanzo, ili kiwe cha kwanza kuchaguliwa na Enter ya haraka isifute kitu. Risiti iliyofutwa hairudi kirahisi. Rangi na fonti ni nyongeza tu.

Taarifa fupi kama "Imehifadhiwa" naiachia MessageBox. Swali linalogusa pesa au kumbukumbu za mteja nalitengenezea fomu bila kusita.