Seti ya kuunda modeli ya rezini (plastiki ngumu ya kumimina) ya frigeti Jean Bart, kipimo 1:400: bodi nzuri, silaha zina kasoro

Nyota 3 kati ya 5.

Jean Bart (D615) na pacha wake Cassard (D614) ni frigeti (aina ya meli za kivita) za Ufaransa zilizojengwa Lorient kwa kazi moja kubwa: kukinga manowari wenzake dhidi ya ndege na makombora. Kwa hiyo seti hii nimeipima kwanza kwa rada na mtambo wa kurushia makombora.

Bodi, yaani umbo zima la chombo, sina neno nayo. Meli halisi ina mita 139. Hapa nimepata milimita 347 kutoka tezi hadi omo. Ilikuja imepinda kidogo omoni. Iloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika chache, kisha ibane juu ya kioo mpaka ipoe kabisa. Ukiiachia ingali vuguvugu, inajipinda tena. Osha kila kipande kwa sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu yakibaki rangi itabanduka. Gundi ya plastiki haishiki rezini, tumia supaglu. Piga msasa kwa maji na uvae barakoa. Vumbi lake linaumiza mapafu.

Kasoro kubwa ni Mk 13, mtambo wa kurushia makombora: wameuwekea mikono miwili! Wa kweli ulikuwa na mkono mmoja, na chini ya sitaha kulikuwa na ghala la mviringo lenye makombora 40 ya SM-1, ya kutungua ndege, yaliyopandishwa moja moja. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake, kwani mkono ukikwama, makombora yote yalifungiwa chini. Nimekata yote miwili na kubandika mmoja katikati kwa kipande cha plastiki. Kombora ni waya wa milimita 0.8, urefu milimita 11.

Tufe la rada ya DRBJ 11B ni duara safi, ila lina mshono wa kalibu. Msasa namba 1000 unatosha. Sahani mbili za SPG-51, rada za kuongoza makombora, zipo. Usipoteze hata moja: kombora hufuata mwangwi wa mwali wa rada hiyo unaorudi kutoka kwenye shabaha, hivyo sahani mbili maana yake ni shabaha mbili kwa wakati mmoja.

Reli za shaba za ukingoni zibandike mwisho, baada ya rangi, la sivyo utazikunja kwa kiganja.

Stika ya bendera niliitupa. Mistari yake yote ina upana mmoja, wakati bendera ya jeshi la majini la Ufaransa ina uwiano wa 30:33:37, buluu ikiwa nyembamba na nyekundu pana. Nimeipaka kwa mkono kwenye karatasi nyembamba.