Lenzi ya kukodi ndani ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Mombasa: uzoefu wangu

Mama alifunga ndoa katika kanisa hili la barabara ya Nkrumah. Siku hizi miguu haimbebi, hatoki Voi. Aliniomba picha ya ndani, kutoka mlangoni hadi altareni, mambo yote yaonekane. Lenzi niliyo nayo huanzia milimita 18 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona kwa upana zaidi), na nikisimama mlangoni nikipata nguzo, dari haimo. Ndipo nikakodi Canon EF-S 10-18mm kwa siku moja, shilingi 1,500.

Niliingia siku ya kazi, baada ya Misa ya asubuhi. Mzee mmoja anayehudumu pale nilimwona kwanza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Piga, mwanangu, lakini flashi hapana. Na anayesali usimtie kwenye picha yako."

Alikuwa na haki, na hata kwa upande wa kazi flashi ingeniharibia: mwanga wake hauvuki mabenchi machache ya mbele, halafu unafuta ile rangi ambayo vioo vya madirisha huimwaga sakafuni.

Lenzi ilikuwa imelala chumbani kwenye AC. Kuifungua tu, ikavaa ukungu. Joto la Mombasa na unyevu wake ndivyo vilivyo, kioo baridi hukusanya maji. Usifute. Niliketi nikasubiri karibu nusu saa ukungu uondoke wenyewe. Mara nyingine nitaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitoa chumbani mapema.

Sasa lenzi yenyewe. Ni nyepesi, gramu 240, na kwa kweli inameza kanisa zima. Lakini kwenye milimita 10 mabenchi ya pembeni yalivutika kama ubao uliopinda, na altare ikarudi nyuma ikawa kitu kidogo. Nilipofika milimita 13 hivi kila kitu kilikaa mahali pake. Jambo kubwa zaidi ni kutoinua kamera juu. Ukiifuata dari, nguzo za pande zote mbili zinaegemeana kama zinaanguka. Nilisimamisha kamera sawasawa, sakafu ikajaa nusu ya picha, nikaikata baadaye.

Tundu la lenzi hii likifunguka mwisho ni f/4.5, yaani haliingizi mwanga mwingi. Ukiishika mkononi ndani ya kanisa lenye giza utahangaika. Kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, halina shida, kwa sababu kamera haitikisiki hata ikichukua mwanga polepole: nilipiga f/8 (tundu dogo zaidi), ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga), na nikazima kitufe cha kuzuia mtikisiko. Shida ni madirisha: jua la nje ni kali mno, ndani ni kivuli. Nilipiga picha tatu mahali palepale, kamera ikipokea mwanga kwa nusu sekunde, sekunde 2 na sekunde 8, kwa kutumia saa ya kamera ili nisiiguse. Kompyutani nikachukua vioo kutoka ile fupi, mabenchi kutoka ile ndefu.

Hata hivyo seti ya kwanza niliitupa. Ile taa nyekundu iwakayo karibu na tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi), inayoonyesha kwamba Ekaristi ipo, ilikuwa imegeuka doa jeupe. Mkatoliki yeyote angeona kwamba kanisa halijakamilika. Nikaongeza picha ya nne, fupi kuliko zote, kwa ajili ya taa hiyo peke yake.

Lawama zangu ni kwa tripodi niliyopewa pamoja na lenzi. Kichwa chake kilikuwa kimelegea na kilishuka polepole katika zile sekunde 8. Picha tatu ziliharibika kabla sijagundua. Kabla ya kulipa, funga kamera juu yake, kaza, hesabu hadi kumi ukiangalia.

Kwa kazi ya siku moja ningeikodi tena lenzi hii bila kusita, ila tripodi nitanunua yangu. Picha nimeichapisha ukubwa wa A3. Mama aliisogeza dirishani, akaitafuta taa kwanza, kisha akaweka kidole kwenye benchi la pili upande wa kushoto. "Hapa alikaa bibi yako," akasema.